Miaka Yangu ya Kumwonea Wivu Ruth

Wanangu mnaoanza kuandika, nianze na neno ambalo watu wa umri wangu hawapendi kulisema: ninawaonea wivu.

Juzijuzi walikuja wasichana wa kikundi kimoja cha uandishi hapa kwangu Same. Walinikuta kibarazani nachambua maharage, wakaniamkia, wakakaa. Mmoja wao akanisomea hadithi yake kwenye simu. Alipokuta kosa akalirekebisha hapohapo kwa kidole, akairusha mtandaoni, na kabla chai haijapoa watu wa Mwanza na Mombasa walikuwa wameshaisoma na wanamsifu. Hadithi yangu ya kwanza ilipanda basi kwenda Moshi ndani ya bahasha ya kaki, na jibu lilipokuja nilikuwa nanyonyesha mtoto ambaye wakati naituma hata mimba yake sikuwa nayo.

"Bibi, ni nani alikuwa anakutia moyo?" akaniuliza yule wa simu.

Nikamjibu majibu ya heshima. Mume wangu, walimu wangu, Mwenyezi Mungu. Akaandika yote. Walipoondoka nikacheka peke yangu, maana nilikuwa nimemwacha nje mtu muhimu kuliko wote. Kilichonirudisha mezani miaka yote, nikiwa nimechoka, nikiwa na homa, nikiwa nimekasirika, ni wivu. Na wivu wangu ulikuwa na jina. Uliitwa Ruth.

Sisemi husuda. Husuda ni kutaka mwenzako akose. Mimi nilitaka na mimi nipate. Ingawa ilifika siku moja nikawa nimesimama mguu mmoja huku na mguu mmoja kule, na siku hiyo ndiyo hasa ninayotaka kuwasimulia.

Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko juu milimani, kijiji kimoja cha upande wa Bombo. Darasani nilifundisha Kiswahili, nyumbani nilikuwa mke wa Elia, mwalimu wa hesabu, na katikati ya hapo niliiba muda wa kuandika. Hiyo hadithi niliyoituma Moshi ilimhusu binti wa sultani wa pwani. Ilikuwa na mawimbi, na karafuu, na mabaharia wanaoimba. Niliamini vitabu huwa vinahusu mambo hayo. Huku kwetu kwenye ukungu, tangawizi na migomba, sikuona chochote cha kumwandikia mtu.

Mhariri aliyeisoma alikuwa Mzee Festo, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Nilipopata likizo nikaenda kumwona ofisini kwake.

"Mwalimu, umewahi kuiona bahari?" akaniuliza.

"Bado, mzee."

"Basi tuko sawa. Nimesoma kurasa zako zote na mimi sijaiona."

Nilitamani sakafu ipasuke. Akaniagizia soda, akaacha ninywe mpaka nusu, ndipo akauliza tena: "Huko kwenu watu wanagombania nini?"

"Maji," nikamwambia, bila hata kufikiri.

"Andika maji."

Nikasema ndiyo, mzee. Nikarudi nyumbani, na miaka ikapita sikuandika maji. Nitawaambia kwa nini.

Kijijini kwetu tulimwagilia kwa maji ya ndiva, lile bwawa la udongo linalokusanya maji ya kijito ili asubuhi yafunguliwe yaingie mifereji. Kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Aliyesimamia zamu ni Baba mdogo Zefania, mdogo wake marehemu baba yangu. Wenye sauti walipata maji ya asubuhi, yakiwa bado na nguvu. Mama yangu alikuwa mjane, na zamu za wajane ziliwekwa mwisho wa siku, maji yakiwa yamebaki ya kulowesha nyayo. Hakuna aliyekaa akaamua hivyo. Ilikuwa hivyo tu, kama mlima ulivyo hapo ulipo. Mama alikuwa anakaa kwenye mfereji na jembe lake, anasubiri, huku anawaona watu waliokwisha kumwagilia wakirudi nyumbani wanapiga soga.

Niliiona habari hiyo tangu mtoto. Lakini Baba mdogo ndiye aliyenisomesha baba alipofariki. Ndiye aliyesimama kanisani siku ya ndoa yangu. Ningeanzaje? Kwa hiyo niliandika mambo mengine. Nilitoa kitabu cha watoto kuhusu mbuzi mtiifu, kikasomwa mashuleni, watu wakanipongeza. Moyoni nilijua mbuzi huyo ni nani.

Ndipo akaja Ruth.

Alitokea Kisiwani, kule chini tambarare, kwao ni watu wa mifugo. Aliolewa kijijini kwetu na Yohana, fundi seremala, akapangiwa kufundisha shule yetu. Meza zetu ofisini zilitazamana. Nilimpita umri kidogo, kwa hiyo aliniita dada na kuniamkia vizuri, lakini baada ya salamu alikuwa hana kona. Alisema kitu kama kilivyo. Wiki ya kwanza tu akanikuta naandika nyuma ya karatasi ya mtihani wakati wa mapumziko.

"Kumbe unaandika, dada? Na mimi naandika. Wewe unaandika saa ngapi?"

"Nikimaliza kazi."

"Kazi huwa inaisha?"

Nikacheka, lakini swali likanikaa. Mimi niliandika kichwani. Nilitunga mazungumzo ya wahusika wangu nikiwa nasonga ugali, nikiyarudia kwa sauti ya chini mpaka nipate nafasi ya kalamu. Kuna mhakiki mmoja baadaye alinisifu kwamba wahusika wangu wanazungumza kwa sentensi fupi zenye nguvu. Nguvu gani. Nilikuwa naogopa kuzisahau kabla ugali haujaiva.

Jumamosi moja nikampelekea Ruth ndizi. Uani nikamkuta Yohana amekaa kwenye kigoda, mtoto yuko mgongoni amefungwa kwa khanga, anakoroga sufuria la makande.

"Karibu, mwalimu," akasema. "Ruth yuko ndani anaandika. Nikuitie?"

"Hapana. Mwache."

Nikautazama mlango wa kile chumba. Ulikuwa wa mbao nene, Yohana alikuwa ameutengeneza mwenyewe, na nilijua kutoka kwa Ruth kwamba una komeo kwa ndani. Umefungwa. Nyuma yake kulikuwa na mwanamke, anaandika, mchana kweupe, na mume wake anapika, na hakuna aliyekuwa anaumwa.

Sijui niwaelezeje. Mwenzangu akishinda tuzo, roho huniuma siku mbili ikapoa. Ule mlango uliniuma miaka. Nikarudi nyumbani nikamkuta Elia mezani. Elia alikuwa mtu mwema, hakuwahi kuninyanyulia sauti, msije mkamfikiria vibaya. Akainua uso akaniuliza, "Mama, chumvi iko wapi?" Chumvi ilikuwa mbele yake, karibu na mkono wake wa kulia. Nikaisogeza. Nikaingia jikoni, nikashindwa kutunga hata neno moja siku hiyo.

Siku hizi mnaenda semina mnajadili haki za mwanamke, mna maneno mazuri ya kuyaita mambo haya. Sisi hatukuwa na maneno. Mimi nilikuwa na mlango wa jirani tu, na komeo lake.

Halafu Ruth akaandika maji.

Hakuniambia. Aliandika igizo, akaifundisha kwaya ya akina mama, wakalicheza uwanjani baada ya ibada, siku ya mavuno. Lilimhusu mjane anayesubiri zamu yake mferejini, na kila anayepita anampa sababu tofauti kwa nini leo maji hayatafika. Mwanzoni watu walicheka sana, maana kila mtu aliitambua sauti ya jirani yake. Kadiri lilivyoendelea kicheko kikapungua. Mwisho yule mjane anachota tope kwa viganja analimwagia mche mmoja wa maharage, na igizo linaishia hapo, hakuna wimbo, hakuna mafunzo.

Nilikuwa nimekaa na mama yangu. Nikapiga makofi kama wengine. Mama hakupiga. Alikuwa ameshika ncha ya kitenge chake, ameikunja na kuikunjua.

"Huyu mtoto wa watu amesema," akasema taratibu.

Mtoto wa watu. Nikamwambia, "Mama, hata mimi nilikuwa nataka kuandika habari hiyo. Toka zamani."

"Ulikuwa unataka," akasema mama. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayekubaliana nami.

Nimeshasoma barua za kukataliwa, nimeshaitwa mwandishi wa mambo madogomadogo. Hakuna kilichowahi kunichoma kama maneno yale mawili, kwa sababu yalikuwa kweli.

Basi akina mama wakamwambia Ruth agombee udiwani. Kwa kata yetu hicho kilikuwa kitu kipya. Mwanamke, tena wa kuja, tena anayewasema wazee uwanjani. Akakubali. Mpinzani wake alikuwa mtu wa ukoo mkubwa, mtu wa kupunga mkono, na meneja wake wa kampeni alikuwa nani kama si Baba mdogo Zefania.

Wakaja kwangu wote wawili, mchana, na sukari na majani ya chai, kama watu wanaokuja kuposa. Nikawapikia chai yao wenyewe. Baba mdogo akaanza mbali, akasifu kitabu cha mbuzi, akasema wajukuu zake wanakijua kwa moyo. Kisha akasogeza kiti.

"Mwanangu, kijiji hiki kilikuwa na mwandishi kabla huyu hajaja. Watu wamesahau. Mimi sijasahau."

Alijua pa kugusa.

"Tunataka wimbo," akasema. "Wa mikutano. Mfupi, wa kuchekesha. Habari ya mwanamke anayepikiwa na mume. Kwamba asiyejua kushika mwiko atashikaje kata. Wewe unawafahamu watu wa nyumba ile, unajua yanayoendelea mle."

"Nitafikiria, Baba mdogo."

"Fikiria. Kata nzima itaimba maneno yako."

Wanangu, sikumfukuza. Nilimsindikiza mpaka njiani. Na walipoondoka nikaketi nikaanza kuandika.

Sijawahi kuandika kwa wepesi kama siku ile. Kwa kawaida mimi ni mtu wa kukwama. Neno moja laweza kunisumbua wiki. Siku ile maneno yalikuja yamepangana, yana vina, yana kejeli, kila ubeti una pahali pa kucheka. Mwiko, kata, mtoto mgongoni kwa baba, mlango una komeo. Niliweka kila kitu nilichokiona Jumamosi ile. Nilipomaliza nikausoma kwa sauti, kama desturi yangu. Na hili ni fundisho la kazi, lishikeni: kitu chochote mkikiandika, kisomeni kwa sauti, sikio ni jeuri kuliko jicho.

Elia alikuwa barazani anasahihisha madaftari. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akavua miwani. Katika miaka yote ya ndoa yetu Elia hakuwahi kucheka kwa kitu nilichokiandika. Husema "vizuri" na kuendelea na hesabu zake.

"Mama, huu watauimba mpaka tutakapozeeka," akasema. "Umempata Mzee Zefania sawasawa. Kama vile namsikia."

Hakumaanisha chochote. Alikuwa ananisifu. Lakini nikairudia ile karatasi nikaisoma tena, safari hii kimyakimya, nikaona kwamba Elia amesema kweli. Hakukuwa na neno langu hata moja mle. Yote niliyasikia mferejini nikiwa mtoto, wanaume wakiwa wamekaa juu ya ukingo wa ndiva, wanamwongelea mwanamke yeyote aliyepita. Ndiyo maana yalikuja kwa wepesi. Yalikuwa yameshatungwa kabla sijazaliwa. Mimi nilikuwa kipaza sauti tu. Na mwanamke wa kwanza kuongelewa kwa maneno yale, mbele ya masikio yangu, alikuwa mama yangu, siku alipoomba zamu ya asubuhi kwa sababu nilikuwa naumwa na hakuna wa kubaki na mimi jioni.

Nikainama nikaisukuma karatasi chini ya sufuria, kati ya kuni zilizokuwa zinawaka. Sikujisikia shujaa. Nilijisikia mtu aliyepoteza wimbo mzuri.

Tangu hapo nina tahadhari moja ninayowaachia na ninyi. Maneno yakija mbio sana, yamejipanga yenyewe, yanachekesha watu wa baraza, simameni muulize ni ya nani. Mara nyingi mtakuta mmeazimwa mdomo.

Baba mdogo aliporudi kuuchukua wimbo, sikumpikia chai.

"Sitaandika, Baba mdogo."

"Umeshaelewana na yule mwanamke?"

"Hapana."

"Unampenda, basi."

"Simpendi. Namwonea wivu mpaka silali. Lakini wimbo ule ni wako, si wangu. Ukiutaka, utunge."

Alikuwa mzee, na nadhani alisikitika kweli. Alikuwa ananipenda kwa namna yake. "Nilikusomesha," akasema.

"Ndiyo, Baba mdogo. Ahsante."

Akavaa kofia yake akaondoka. Wiki ile zamu ya mama mferejini ikarukwa. Na wiki iliyofuata. Ukiuliza, unaambiwa imesahaulika. Maharage ya mama yalikuwa yanatoa maua. Mimi na mama tukawa tunabeba ndoo kutoka kijitoni, tunapanda na kushuka ule mteremko baada ya saa za shule, na Elia, ambaye hakuwahi kubeba ndoo maishani mwake, siku ya tatu akajiunga nasi bila kuambiwa, akiwa amevaa viatu vya ofisini. Akateleza akaanguka na ndoo yake. Mama alicheka siku ile mpaka akakaa chini. Tuliokoa mistari michache, mingine ilikauka.

Ruth hakujua. Sikumwambia habari ya wimbo wala ya zamu. Angedhani nilifanya kwa wema, angenishukuru, na shukrani za Ruth ndicho kitu ambacho nisingeweza kukibeba.

Akashinda. Kwa kura chache, lakini akashinda. Na sitaki mniombe niseme nilifurahi. Niliposikia akina mama wanapiga vigelegele bondeni nilikuwa naanika nguo, na nikaendelea kuanika. Baadaye ilichaguliwa kamati mpya ya maji, nusu yake wanawake, na mama yangu kwa mara ya kwanza akapewa zamu ya asubuhi. Nilikwenda naye siku hiyo. Maji yalikuja yamejaa mfereji, yanavuma, na mama akarudi nyuma hatua kama mtu aliyeshtuliwa. Alikuwa hajui kuyaongoza maji mengi namna ile. Ilibidi amwombe jirani amwonyeshe. Nikasimama pale nikimwangalia mama yangu akifurahi, na furaha yake imeletwa na mtu mwingine, kwa igizo ambalo lingeweza kuwa langu. Mkitaka kujua wivu una ladha gani, ni hiyo. Umeshiba na bado una njaa.

Kutoka kwenye njaa hiyo ndipo nilipoandika riwaya yangu, ile ambayo baadhi yenu mmeisoma shuleni. Inamhusu mwalimu mmoja anayemwonea wivu jirani yake. Niliacha kabisa mbuzi na mabinti wa sultani. Kila kitu kibaya nilichowahi kukiwaza juu ya Ruth nilikiweka mle, na kila nilipoona nimejipendelea nilifuta. Mzee Festo aliisoma akiwa ameshastaafu, macho yake hayaoni vizuri, alisomewa na binti yake. Akanitumia ujumbe kwamba safari hii mlima ameuona. Iliandikwa kidogo kwa taipureta, kidogo kwa kompyuta ya shule, na sura ya mwisho niliiandika kwa mkono nyuma ya kalenda kwa sababu umeme ulikatika na mimi sikutaka kusubiri.

Kuhusu Elia, msidhani alibadilika akawa Yohana. Alijifunza kupika chai. Hapo ndipo tulipofika, na tulifurahi kufika hapo. Alipofariki nikahamia hapa Same mjini, kwenye joto na upepo, karibu na watoto.

Mwaka jana, wakati wa kipupwe, Ruth akaja. Alikuwa hajawahi kunitembelea tangu nihame. Alikuwa amemaliza vipindi vyake vya udiwani, amestaafu kila kitu, kichwa chote cheupe. Akashuka kwenye bodaboda, akaniamkia getini kama zamani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, Ruth. Karibu."

Akaketi, akatoa riwaya yangu mkobani, imechakaa, imesomwa. "Nimekaa na kitabu hiki miaka," akasema. "Nilikuwa nasubiri uniambie. Hukuniambia. Huyu mwanamke mwenye wivu ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na huyu jirani ni mimi."

"Ni wewe."

Akatikisa kichwa. "Umenipendelea mno. Yohana alikuwa anapika vibaya kuliko mtu yeyote ninayemjua. Na ule mlango wako unaouandika. Unajua nilikuwa nafanya nini mle ndani?"

"Unaandika."

"Siku nyingine. Siku nyingi nilikuwa nalia. Mama mkwe alikuwa anakaa uani anahesabu kwa sauti mara nilizowahi kumfulia mwanawe nguo. Nilikuwa natia komeo nalia, kisha nanawa uso natoka."

Alisema hivyo ili kunifariji, nadhani. Alitaka nijue kwamba hakukuwa na cha kuonea wivu. Nikamwangalia na nikasema ukweli, maana tumeshazeeka. "Ruth, mimi nililia jikoni, na watoto wananiangalia, na ugali unaungua. Wewe hata kilio chako kilikuwa na mlango."

Akaanza kucheka, na mimi nikacheka, lakini sikuwa natania na yeye alijua.

Tulipokunywa chai akasema kilichomleta. Miaka yote ya udiwani hakuandika ukurasa. Vikao, ripoti, misiba, harambee za madarasa. Ingawa alikuwa nacho nyumbani, kila alipokiona kitabu changu dirishani kwa muuza vitabu, akasema, alivuka barabara asipite karibu nacho. Nikasikia hilo na, Mungu anisamehe, lilikuwa tamu kuliko chai. Sasa ameandika. Ni habari za maisha yake katika siasa. Akaniomba niisome, kwa sababu hana mtu mwingine atakayemwambia kweli.

Niliisoma siku tatu. Ilikuwa nzuri. Ilikuwa nzuri kwa namna ile inayokufanya uweke karatasi chini utembee uani. Kuna mahali anasimulia kikao chake cha kwanza cha baraza la madiwani. Ameandaa hoja yake ya maji, ameikariri njia nzima, amevaa gauni jipya. Mwenyekiti anawakaribisha wajumbe wote kwa majina, akifika kwake anasema, "Na mheshimiwa mama yetu atatusaidia kuangalia chai." Na Ruth, Ruth yule asiye na kona, anasimama anashika birika. Anamimina kikombe baada ya kikombe, na anapomwekea mwenyekiti, mkono wake hautetemeki, na hajui kama ajivunie jambo hilo au alionee aibu. Sura inaishia hapo. Nilikaa na ukurasa huo muda mrefu. Ningetoa kitabu changu kimoja ili niwe nimeuandika mimi.

Lakini baada ya hapo alikuwa ameweka sura nyingine nyingi za mafanikio. Zahanati, kamati, daraja, wageni waliokuja kujifunza. Zilikuwa kweli tupu, na zilikuwa hotuba. Kitabu kilikuwa kinakufa taratibu mikononi mwa msomaji.

Nikawaza jambo moja tu: nikinyamaza, kitatoka hivyohivyo. Watu watakisifu kwa adabu, watakisahau, na mimi nitabaki nilipo. Hakuna ambaye angejua. Kumwambia "vizuri" hakungenigharimu chochote. Elia aliniambia hivyo maisha yake yote.

Alipokuja kuzichukua karatasi tukakaa ndani, kwa sababu upepo wa Same ungezipeleka hadi Kisiwani.

"Kitabu chako kinaishia kwenye birika," nikamwambia.

"Vipi kinaishia? Hapo ndiyo kwanza naanza kazi."

"Kazi uliifanya, na mama yangu alipata maji. Najua. Lakini msomaji ukimwacha na lile birika atakwenda nalo nyumbani. Ukimwongezea daraja na zahanati, utakuwa unamwomba kura."

Uso wake ukabadilika. Akazivuta karatasi akaziweka mapajani, akakunja mikono juu yake. "Unataka nifute miaka yote hiyo."

"Ndiyo."

"Unasema hivi kwa wivu, dada?"

"Wivu ungeniambia ninyamaze."

Nje watoto wa jirani walikuwa wanapiga mpira ukutani kwangu na mimi sikutoka kuwakemea. Ruth akazifunua karatasi, akaitafuta ile sura, akaisoma tena pale kwenye kiti, midomo yake inatembea. Akafika kwenye birika. Kisha akazitenga karatasi zote zilizofuata, fungu nene, akaziinua kana kwamba anazipima uzito, akaziweka sakafuni karibu na mguu wa meza.

"Haya," akasema.

Nikaona, na nikajua bila shaka yoyote kwamba sasa kitabu chake kimekipita changu, na kwamba mimi ndiye niliyekivusha.

Nikamsindikiza hadi barabarani, nikamshikia mkoba mpaka akapanda bodaboda. Niliporudi nilimeza kidonge changu cha presha, nikavuta kiti, nikaanza ukurasa mpya, nikiwa na hasira, na mkono wangu ukaenda vizuri kuliko ulivyokwenda kwa miaka mingi. Kitabu cha Ruth kitatoka kabla ya changu. Nimemwomba nakala ya kwanza, na nimemwambia kabisa kwamba sitaisoma mbele ya watu.